Mshono wa Ubavuni

Kwa dhambi ile ya miaka tisa iliyopita, padre alimpa fundi cherehani malipizi ya Salamu Maria tatu tu. Akazisali zote, kisha miguu ikakataa kwenda nyumbani.

Alipiga hodi kwa wifi yake.

"Karibu, wifi. Kulikoni?"

Alibaki mlangoni, akisugua ncha ya kidole iliyojaa alama za sindano. "Gauni lako la harusi halikupasuka kwa bahati mbaya. Mshono wa ubavuni niliulegeza mimi, makusudi."

Siku ile kanisa zima lilicheka.

"Umeshaungama?"

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Basi kwangu umefuata nini?"

"Nataka kufika mbinguni, wifi. Na wewe utakuwepo; nitakutazamaje usoni?"

Wifi akashika kitasa afunge mlango. Fundi hakurudi nyuma hata hatua moja.