Vigelegele vya Mama Hannah

Kila Obadiah alipoanza kukohoa, mkewe Tryphena alipiga vigelegele.

Alivipiga kwa nguvu, na wanawake wenzake wakavidaka na kuvizungusha uwanja mzima wa mpira wa Voi mpaka kikohozi kikapotea ndani yake. Mgeni kutoka Nairobi, kijana nadhifu aitwaye Josephat, alitabasamu. Hakujua wanashangilia nini, lakini naye akajikuta anapiga makofi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa themanini na mbili. Josephat alikuwa ameshuka kwenye treni siku iliyotangulia, akiulizia watu waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha mabati ya asbesto, kile kilichofungwa ng'ambo ya reli.

"Kampuni imenituma nijue wako wapi na wana hali gani," alisema, na hakuongeza neno.

Mji ukamwongezea. Kufikia jioni kila mtu sokoni alikuwa na habari kamili: kiwanda kinafunguliwa, watachukuliwa wale wa zamani, bora wawe na afya.

Obadiah ndiye aliyekuwa akipasua magunia na kumwaga asbesto kwenye mashine. Kiwanda kilipofungwa alikwenda kupakia malori kule Maungu, lakini siku hizi akibeba gunia moja tu hukaa chini kutafuta pumzi, na madereva walikuwa wameacha kumwita. Binti yao Hannah alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa sababu ya karo. Habari ya kiwanda ilipomfikia, Obadiah alikaa kitandani akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena.

"Ukikohoa mbele ya huyo kijana, hatupati kitu," Tryphena alimwambia.

"Nitakizuiaje, Mama Hannah? Hiki hakiombi ruhusa."

"Wewe kohoa. Kelele niachie mimi."

Akajifunga leso akaenda nyumba kwa nyumba, kwa wake wa wanaume wote wa kiwandani, maana waume wao nao walikuwa na kikohozi kilekile kikavu. Walielewana haraka, na walicheka sana.

Ndiyo maana siku ile uwanjani palikuwa kama harusini. Wanaume walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Mutiso, aliyekuwa fundi wa mashine, hakungoja kuulizwa: alikimbia mpaka goli la pili na kurudi, midomo ikiwa rangi ya majivu, mikono juu kama mshindi. Vigelegele. Reuben, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilala ameketi, alimbeba Mutiso mgongoni. Vigelegele tena. Watoto walianguka kwa kicheko.

Josephat aliwauliza mmoja mmoja, kwa upole.

"Mlikuwa karibu na vumbi?"

"Vumbi?" Obadiah alisema. "Tulikuwa tukitoka pale weupe kama mandazi ambayo hayajakaangwa."

"Na hizo nguo, nani alikuwa akizifua?"

"Mimi," Tryphena akajibu.

"Kifua hakikusumbui, mama?"

Tryphena alisita. Kazi gani hii inayouliza kifua cha mfua nguo? Kisha akafikiri labda safari hii wataandika na wanawake, na moyo ukamruka.

"Kifua changu?" akasema. "Sikiliza mwenyewe." Akaanzisha wimbo, na ngoma za Kitaita za mwazindika zikaingia.

"Na wewe mzee, hupati shida ya kupumua?" Josephat alimuuliza Obadiah, akiinua sauti ashinde ngoma.

Obadiah hakumjibu kwa mdomo. Aliinama, akaomba atwikwe gunia la mahindi begani, akaanza kucheza nalo. Alikanyaga chini vumbi likatimka. Kikohozi kilipanda, vigelegele vikakilaki. Kikapanda tena, wanawake wakazidi. Machozi yalimtoka na bado alikuwa akicheka, kwa sababu kwa muda mfupi aliamini kweli kwamba yeye ni kijana na hana shida yoyote duniani. Josephat alivua koti akaingia kucheza naye. Umati ukapagawa.

Jioni, nyuma ya ukuta wa soko, Obadiah alishika magoti akakohoa mpaka miguu ikatetemeka. Tryphena alimpapasa mgongo akingoja. Alipopata pumzi, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Umemwona alivyonitazama?"

"Umechukuliwa, Baba Hannah. Lala ukijua umechukuliwa."

Jumapili kanisani watu walitoa shukrani kwa sauti. Hannah alitoa sare yake sandukuni akaifua, akaianika mahali ambapo kila jirani angeiona.

Jumatatu asubuhi Josephat aliingia posta ya Voi, akaomba laini ya Nairobi. Baada ya kungoja kidogo akampata mkubwa wake, Bwana Alexander.

"Enhe, hali ya watu wa huko?"

"Bwana Alexander, sijawahi kuona wazee wenye afya kama hawa. Wanakimbia, wanabebana, wanacheza ngoma na magunia begani. Hata wake zao wazima. Nimemtafuta mwenye kifua kibaya, nimemkosa."

"Hukuwaambia kwamba sisi ndio kampuni ya bima ya kile kiwanda?"

"Sikuwaambia. Ulisema wakijua tu, Voi nzima itaanza kukohoa."

Upande wa pili Bwana Alexander alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Vizuri sana, kijana. Basi ile fidia tuliyowatengea walioharibika mapafu, naifuta leo."