Picha ya Shamba Tupu

Picha ile haikuwa na mahindi, na hilo ndilo lililomnyima Arlene Dvorak raha tangu juzi.

Wakili wa serikali aliibandika ukutani mbele ya baraza la waamuzi, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, Arlene akiwa mmoja wao. Upande huu nyumba ya shahidi, Bwana Kessler. Upande ule ghala la jirani lililoteketea. Katikati shamba limeshavunwa, peupe. Kessler aliapa kwamba akiwa dirishani, jikoni kwake, alimwona Cody Bruner akilitia moto ghala. Picha ilipigwa Novemba. Moto uliwaka Agosti.

Agosti mahindi ya kule yanampita mtu mrefu. Kutoka dirisha lile Kessler angeona majani matupu, labda na moshi. Arlene alilima maisha yake yote mpaka mumewe alipofariki. Wenzake barazani ni watu wa mjini, mahindi wanayajua ya kopo. Na wakili wa Cody, aliyepewa bure na serikali, alibeba kesi nyingi mpaka mara mbili akamwita mteja wake kwa jina la mtu mwingine. Kuhusu picha hakuuliza kitu.

Cody alikuwa na miaka kumi na tisa. Akipatikana na hatia, angetoka jela ameota mvi. Mama yake alikaa benchi la nyuma, koti mapajani, hamtazami mtu.

Arlene aliwashwa na maneno. Lakini kila jioni jaji aliwaonya, "Msiizungumze kesi hii, hata ninyi kwa ninyi, hadi mtakapofungiwa chumbani kuamua." Naye Arlene ni mtu wa kufuata sheria, taa nyekundu huisubiri hata barabara ikiwa tupu. Akauma ulimi.

Wakati wa chakula, Rick Tollefson, muuza magari aliyekaa kiti cha pembeni yake, alimnong'oneza huku akitafuna.

"Mama, tukiingia humo tusilete maneno mengi, ee? Kijana kaonekana kwa macho, kwisha habari. Binti yangu ana mechi jioni."

"Tutaongea huko huko ndani," Arlene akajibu.

"Loo! Unatisha wewe."

Wala hakuwa wa kutisha. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Ila alijua kwamba hatia hutangazwa pale tu wote wanapokubaliana, na yeye hangekubali. Asubuhi hiyo, akikaanga yai, alikuwa amejizoeza namna ya kuwaeleza bila kuwaudhi.

Alasiri mawakili walimaliza. Jaji akamwambia karani atoe jina. Karani akatikisa kisanduku, akaingiza mkono, akatoa kikaratasi kimoja.

"Arlene Dvorak."

Rick akamgusa kwa kiwiko. "Haya, mwenyekiti! Umeukwaa."

Arlene akasimama. Kwa mara ya kwanza wiki ile moyo ukamtulia, maana mwenyekiti husikilizwa. Akamtazama Cody, na Cody akamtazama. Jaji akavua miwani, akatabasamu kwa upole.

"Bibi Dvorak, mmekaa hapa kumi na watatu ili pawe na wa akiba iwapo mmoja wenu angeugua, na sheria inataka kumi na wawili. Kura ya kumpunguza mmoja imekuangukia wewe. Tunakushukuru sana. Nenda nyumbani ukapumzike, na usimwambie mtu lolote mpaka wenzako wamalize."