Matundu Tisa

Karatasi ya Machibya ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani. Risasi tatu alizokwisha kupiga zilikuwa zimekwenda wapi, Mungu ndiye aliyejua.

Karatasi ya pembeni, ya Bernadeta, ilikuwa na matundu matatu katikati kabisa. Yote ungeyafunika kwa kizibo kimoja cha soda.

Machibya alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi ya askari wa wanyamapori. Bernadeta alikuwa na miezi minne. Mkuu wao alikuwa amewaambia waende wakarekebishe shabaha za bunduki zao, na mwenye karatasi nzuri ndiye angetumwa kumuua yule mamba. Mamba mwenyewe alikuwa akiota jua kwenye mwalo wa kwao Machibya, upande wa Busisi, pale pale mama yake anapoteka maji. Akisikia hatua tu anazama, kwa hiyo ni wa kupigwa kwa mbali, kwa risasi moja. Machibya alikuwa amemwahidi mama yake kazi hiyo. Na kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo, alikuwa ameiahidi pia kwaya ya kanisa na kijiji kizima.

Ndiyo maana asubuhi ile alijifanya mwalimu. Alibandika karatasi zote mbili yeye mwenyewe, akaandika majina chini kwa kalamu, kisha akazipa mgongo na kumwinulia Bernadeta mkono wa kushoto kutoka mbali.

"Binti! Ya upande huu ndiyo yangu. Usije ukanichafulia!"

"Sawa, mzee!"

Alirudi wakalala hatua mia mbili kutoka pale, jabali likiwa katikati yao, masikio wameyaziba kwa pamba. Machibya akaitafuta ya kushoto kwenye darubini, akashusha pumzi, akafyatua.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya karatasi isiyo na hata mkwaruzo. Huwezi kurekebisha darubini kama hujui risasi imeangukia wapi, kwa hiyo hakugusa skrubu hata moja. Alirudi, akalaumu upepo wa ziwa, akalaumu na uji aliokunywa, akapiga tatu nyingine. Akaenda kutazama. Yake safi. Ya Bernadeta ilikuwa na matundu sita.

Akapiga tatu za mwisho, akatoa pamba masikioni.

"Binti, nakwenda mbele!"

"Nenda tu, mzee! Mimi bado nahangaika nayo!"

Anahangaika! Machibya alitikisa kichwa njia nzima. Watoto wa siku hizi wana adabu hata ya kudanganya. Matundu yalikuwa tisa, na kizibo cha soda bado kingeyatosha.

Iliuma. Alikaa chini kwenye majani, bunduki mapajani, akajicheka kwa sauti, maana kulia kungemvunjia heshima zaidi. Kisha akampigia mkuu simu.

"Mtume Bernadeta. Mimi nimebaki na mdomo tu."

Mkuu alicheka, akasema jina tayari ameliandika. Machibya akampigia mama yake.

"Mama, anakuja binti mmoja. Anapiga kuliko mimi nilipokuwa na macho."

"Na wewe, Machibya, utakuja kufanya nini?"

"Nitambebea mkoba, mama."

Aliibandua ile karatasi ya matundu tisa, akaandika "Hongera" pembezoni, akajikokota kurudi. Nyuma ya jabali alimkuta Bernadeta amepiga magoti, mikono imejaa oili hadi kwenye viwiko.

"Samahani, mzee, nimekuchelewesha," alisema bila kuinua macho. "Risasi ya kwanza ilikwama tangu tunaanza. Bunduki yangu haijalia hata mara moja."