Fomu ya Kumfupisha Mke Mwenza

Sheria ilitaka kila bunduki itunze ndani ya mtutu wake sauti ya mwenyewe, na isimtii mtu ambaye mwenyewe hakumtambulisha. Somoe alifika ofisi ya silaha akiwa ameifunga kwa khanga bunduki ya marehemu mumewe, Likungwa. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo yake, na mikono yake mifupi haikuiweza bunduki hiyo ndefu.

"Uhusiano wako na silaha, mama?" karani aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Mke mwenza. Ndivyo marehemu alivyoiita. Siku nyingine alilala nayo yeye, mimi nikapewa mgongo."

Karani alicheka, akaandika hivyo hivyo. "Tukikata mtutu shibiri moja, sauti yake ya miaka ya mwanzo inapotea. Ndiyo iliyo huku mdomoni. Umeridhia?"

Somoe alimkumbuka Likungwa kijana, akiipigia mluzi huku akiipaka mafuta barazani. Basi, miaka ya kikohozi na mizaha ingebaki. Akatia dole gumba.

Alfajiri iliyofuata bunduki ilimkaa begani vizuri. Nguruwe walikuwa tayari kwenye matuta.

"Mke mwenza, amka," alinong'ona.

"Karibu, mama," ilijibu kwa sauti ya Likungwa, ya upole, kama anayempokea mgeni. "Nikuite nani?"

Hapo ndipo Somoe alipokumbuka wiki ya harusi yao, Likungwa akiuinamia mtutu na kuuambia, "Huyu ni Somoe, mke wangu. Akikuita, itika."