Mlango wa Mudzipela

"Mama Kavira, usiende mtaa wa Mudzipela. Watu wetu wote walikimbia kule, hautapata hata kura moja," wenzake wa kampeni walimwonya. Akaenda, na picha zake na kopo la gundi.

Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa yake mwenyewe, aliyoikimbia siku ya risasi, miaka mitatu nyuma. Akafungua mwanamke ambaye Kavira hakumjua. Mlangoni zilikuwepo bado alama za penseli ambazo Kavira alimpimia mwanawe urefu. Ya mwisho ilimfika Kavira kiunoni. Risasi zile zilimpata mtoto; hakupimwa tena.

"Tunajua nyumba iko ya kwako, mama," mwanamke alisema. "Utuachie, na siye wote wa mutaa huu tutakupigia kura."

Kavira akachovya brashi. Akabandika uso wake unaocheka pichani juu ya alama zile, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika.