Sponji la Chumba Kikubwa

Mwahija alivua kandambili, akakaa juu ya kipande cha sponji alicholetewa, akanyoosha miguu. Akakaa hivyo robo saa nzima, mgongo ukutani, macho sakafuni. Fakihi, fundi wa mazulia, alisimama mlangoni na futi yake mkononi, asijue akohoe au atoke.

"Hili linaumiza nyonga," Mwahija alisema hatimaye. "Lete nene zaidi."

"Mama, hilo ni milimita nane. Ukitandika zulia juu yake hutaisikia sakafu."

"Lete nene zaidi, mwanangu."

Mtaa mzima wa Rasbura ulijua habari za nyumba ile. Mwahija aliijenga kwa biashara ya ufuta, tofali kwa tofali, lakini kiwanja kiliandikwa jina la mumewe. Sasa mume huyo, Mzee Shamte, alikuwa anaoa mke wa pili, Warda, binti wa Nangurukuru, na alikwisha kutangaza kwamba bi harusi ataingia chumba kikubwa. Mwahija ahamie chumba cha uani kilichokuwa stoo ya magunia. Akikataa, talaka yake tayari, arudi kwao Rutamba mikono mitupu. Ndoa ilikuwa Ijumaa, na huyo Mwahija ndiye aliyekwenda mwenyewe kumtafuta fundi wa kutandika nyumba. Watu walimsifu kwa subira. Fakihi hakumsifu, alimwonea huruma, na upole ule ulimuudhi.

"Akitaka nene mpe nene, fundi," Mzee Shamte alisema kutoka barazani, kikombe cha uji mkononi. "Mwali asije akaumia magoti." Alicheka peke yake, kisha akajishika tumbo. "Tumbo hili, wiki ya pili sasa. Bila uji wa mke wangu ningekuwa nimelala kitandani."

Walianzia sebuleni. Fakihi alishauri sponji laini, la kupokelea wageni.

"Weka lile gumu la mpira," Mwahija alisema. "Viti nitavitoa. Wanawake watakaa chini siku tatu, na laini litabonyea."

Hilo Fakihi aliliafiki. Hakuna shughuli ya pwani ambayo wanawake hawakai chini.

Koridoni Mwahija alikataa kuwekewa sponji la aina yoyote. Zulia jembamba tu, libandikwe kwa gundi, watakaobeba wasijikwae. Kisha akamwonyesha kona ya kutokea nje.

"Wanaume wanne wakibeba kitu kirefu, kisicho kipana sana, watakata kona hii bila kukiinamisha?"

Fakihi alipima mara mbili. Alidhani ni kabati la bi harusi, na kwamba mama wa watu amepangiwa hata kazi ya kulipokea.

"Watakata, mama."

"Alhamdulillahi."

Chumba kikubwa ndicho kilichomshangaza. Kioo cha meza ya kujipambia kilikuwa kimegeuzwa, uso wake ukutani. Zulia alilolichagua Mwahija lilikuwa la kijivu, halina hata ua moja. Fakihi alijaribu kumwonyesha lile jekundu lenye mawaridi, akaambiwa alikunje alirudishe dukani. Hapo alielewa, au alidhani ameelewa: mke mkubwa anamkomoa mwenzake kwa vitu vidogo vidogo. Hakumlaumu. Mtu aliyenyang'anywa chumba chake ana haki ya kugeuza kioo.

Lakini kama ni kukomoana, mbona sponji zuri namna hii? Alitandaza la milimita kumi na mbili, la bei kubwa kuliko yote dukani kwake. Mwahija akavua tena kandambili, akakaa, akaegemeza mgongo, akanyoosha miguu. Safari hii alifumba macho.

"Hili sasa nitaliweza," alisema. "Likamilike Jumatano, tafadhali. Isivuke Jumatano."

Fakihi alishindwa kujizuia. Alichuchumaa karibu naye, akashusha sauti.

"Mama, unisamehe. Unamchagulia mwenzako kitu kizuri kiasi hiki, halafu wewe ukalale kwenye magunia? Roho inaniuma."

"Nani kakwambia namchagulia mtu?" Mwahija alifumbua macho. "Humu nitakaa mimi."

Fakihi alihisi kifua kikimfunguka. Kumbe mzee amejirudi.

"Mzee amekubali?"

"Hajaambiwa."

"Sasa utakaa humu mpaka lini, mama?"

Mwahija alilipapasa sponji kwa kiganja, taratibu, akilipima kwa mara ya mwisho.

"Miezi minne na siku kumi za eda," alisema, kisha akapaza sauti kumwita mumewe barazani. "Baba Rashidi, usiuache uji ukapoa."