Punje Tano Kiatuni

Tangu jana asubuhi sungura wa mjukuu wangu hakuwa amepata choo. Daktari wa mifugo alishatuonya kwamba sungura asiyekunya siku nzima, ya pili huenda asiione. Tulimwachia azurure sebuleni, labda tumbo lingefunguka.

Mtoto alilala kifudifudi akichungulia chini ya kochi. "Babu, bado hakuna."

"Ngoja nivae, tumpeleke."

Nikatia mguu kwenye kiatu changu cha safari, kidole kikagusa kitu. Nikatoa punje tano za mviringo, kubwa kama njegere. Moja nikaivunja, ndani nyasi tupu.

"Amekunyia kiatu chako!" Alicheka huku analia. "Haya Babu mzururaji, kila wiki safari, utaondoka na nini sasa?"

Nikachukua na cha pili, nikamwekea sungura vyote viwili kwenye kona ya sebule.